Lukasa ya Baluba: ubao unaosomwa na mkono

Katika vitabu vikubwa vya picha vinavyochapwa Ulaya na Marekani juu ya ufundi wa Afrika, ubao mmoja mdogo wa Baluba wa Katanga unarudi kila mara. Jina lake ni lukasa. Urefu wake ni kama santimita 25 tu, kiuno chake mara nyingi kimebanwa katikati, na uso wake umejaa ushanga na simbi zilizokazwa kwa vipini vidogo. Waandishi wanauita kitabu cha Baluba, wengine wanauita ramani, na siku hizi wako hata wanaoufananisha na kompyuta. Wanafunzi wetu wa seminari nao wamekwisha kushika maneno hayo, na wanayatia ndani ya kazi zao kwa majivuno: sisi pia tulikuwa na maandiko yetu mbele ya Wazungu kufika! Tunafahamu furaha yao. Lakini tunataka kulipima neno hilo vizuri, kwa sababu tukiisifu lukasa kwa sifa isiyo yake, tutaacha kuitafuta ile iliyo yake kweli, na wakati wa kuitafuta unapita.

Tuanze na kitu chenyewe. Jina lukasa laelezwa kuwa ni mkono mrefu. Msomaji anaishika kwa mkono wa kushoto, na kidole cha kuonyesha cha mkono wa kuume kinapita juu ya ushanga, polepole, huku yeye akisema ao akiimba. Ushanga mmoja mkubwa uliozungukwa na midogo waweza kuwa mkuu pamoja na watu wake. Ushanga uliopangwa mstari waweza kuwa njia, ao safari, ao ukoo unaoshuka toka baba hata mwana. Rangi nazo zina neno. Ushanga mwekundu mara nyingi ni Nkongolo Mwamba, mfalme mwekundu, mkali na mlevi. Ule mkubwa wa buluu iliyoiva ni Mbidi Kiluwe, mwindaji mweusi aliyetoka mashariki na kuleta adabu ya kifalme. Upande wa nyuma hakuna ushanga. Kuna michoro ya pembe tatu tatu iliyokatwa kwa kisu, sawasawa na gamba la kobe. Kobe ni alama ya chama cha mbudye, kwa kuwa ni mnyama wa maji na wa inchi kavu pia. Na Baluba wanapotaja michoro ya namna hiyo wanasema ntapo, jina lile lile la chale walizochanjwa wanawake juu ya ngozi.

Basi, tusidhani ya kama ubao huu ni kazi ya mtu mmoja aliyekaa peke yake na kisu chake. Mchongaji alikata mti, lakini mti mtupu hausemi neno. Mwenye kuupanga ushanga sharti awe anajua habari. Na hakuna aliyejua habari bila kupita daraja za mbudye, moja nyuma ya nyingine. Mafundisho yenyewe hayakuanzia ubaoni. Ndani ya nyumba ya chama kulikuwa na michoro ukutani, yenye kuonyesha mito, maziwa na makao ya wakuu, na wanafunzi walizoezwa pale mbele ya kuonyeshwa vilivyo vigumu zaidi. Waliofika juu kabisa ndio walioisoma lukasa mbele ya watu. Tena chale za wanawake zilitangulia michoro ya mti, na masikio ya wasikilizaji yalikuwa pale kuangalia kama msomaji anasema sawa. Tukihesabu vizuri, mikono iliyoshiriki kazi hii ni mingi kupita ile tunayoiona pichani.

Je, hayo ni maandiko? Mwalimu wa Falsafa angejibu kwa neno lake: distinguo. Kama kuandika ni kutia habari ndani ya alama zilizofanywa kwa mikono, ili zisipotee, nakubali. Kama kuandika ni kutia maneno ndani ya alama, hata mtu wa mbali mwenye kujua alama zile ayatoe maneno yale yale, nakataa. Barua ya Mtume Paulo ikisomwa Kamina ao Roma inatoa neno moja, hata kama msomaji hamjui Paulo hata kidogo. Lukasa haifanyi hivyo. Hakuna orodha ya alama ambayo mtu aweza kujifunza kwa juma moja, kisha akaenda kusoma mbao zote za Baluba. Kila ubao umepangwa kwa namna yake. Na ubao mmoja, ukishikwa na wasomaji wawili, hutoa masimulizi mawili.

Mfano ulio karibu nasi utasaidia. Mtu asiyejua dini yetu akiokota Rozari njiani, atahesabu ushanga 59 na msalaba mmoja. Ataona ya kama sita ni ya peke yake, na 53 imepangwa kwa mafungu. Anaweza kuandika kitabu kizima juu ya hesabu hiyo, na hatakuta ndani yake hata fumbo moja. Zaidi ya hayo, ushanga ule ule, siku ya kazi ya kwanza, ni Malaika Gabrieli anayeingia kwa Bikira Maria; siku ya kazi ya pili ni Bwana wetu katika shamba la Getsemani. Atafanya nini mtaalamu mwenye kutafuta maana ya ushanga wa kwanza? Mafumbo hayamo ndani ya ushanga. Yamo ndani ya wenye kusali, nao wamefundishwa na mama zao na wakatekista wao. Ushanga unashika kidole ili akili isipotee njiani. Lukasa ni ya jamaa hiyo, si ya jamaa ya vitabu.

Lakini mfano wetu una mwisho wake, na tofauti ndiyo inayotupasa kuiangalia. Rozari inasaliwa na wote kwa namna moja, na hakuna anayesimama katikati kusema: fumbo hili silo. Lukasa ilisomwa mbele ya watu wenye haki ya kubisha. Tuchukue masimulizi yanayojulikana na kila mtoto wa Muluba. Kalala Ilunga, mwana wa Mbidi Kiluwe, alikua nyumbani kwa mjomba wake Nkongolo, akawa hodari kupita wote, na Nkongolo akamwonea wivu. Akachimba shimo pahali pa kuchezea, akatia mikuki ndani, akalifunika, akamwita kijana aje acheze. Masimulizi mengine yanasema ya kama mpiga ngoma ndiye aliyemwonya: alipiga ngoma kwa lugha ya ngoma, na katikati ya makelele ya sikukuu Kalala Ilunga peke yake akafahamu. Akaruka, akakimbilia kwa baba yake, akarudi na jeshi, na Nkongolo akakatwa kichwa. Ndivyo ufalme ulivyopata wafalme wake.

Sasa, kidole kikifika hapo ubaoni, kitakaa wapi? Msomaji katika makao ya mfalme atakaa juu ya damu ya Mbidi Kiluwe. Msomaji katika kijiji cha mkuu mdogo, ambaye babu yake alipewa inchi na mfalme njiani, atapita upesi juu ya shimo na ngoma, ili afike kwenye njia na vituo vyake, kwa sababu pale ndipo haki ya watu wake ilipo. Wote wawili hawasemi uongo. Tena, wafalme wenyewe waliingia ndani ya mbudye. Nacho chama kilichoweza kumsifu mfalme kiliweza pia kumkumbusha ya kama mfalme mmoja, mkali na mlevi, alikwisha kukatwa kichwa. Ushanga mwekundu ulibaki pale ubaoni, mbele ya macho yake. Tunafikiri ya kama hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuiheshimu lukasa: kumbukumbu haikuwa mali ya mwenye kutawala peke yake.

Wataalamu wamesema nini? Thomas Reefe, mwandishi wa historia kutoka Marekani, alitoa mwaka 1977 maelezo juu ya lukasa ambayo hata leo kila mtu anayatumia, na mwaka 1981 kitabu chake «The Rainbow and the Kings» juu ya ufalme wa Baluba. Tunamsifu kwa uangalifu wake. Hakukubali kuyageuza masimulizi ya Nkongolo kuwa habari za mwaka fulani na siku fulani, kama wengine walivyofanya mbele yake. Lakini maswali yake ni ya mwandishi wa historia: anauuliza ubao habari gani za kale zinaweza kutolewa humo, sawa na mtu anayekamua chungwa. Mary Nooter Roberts na Allen Roberts wakaja nyuma yake na kitabu «Memory», kilichotoka mwaka 1996 pamoja na maonyesho makubwa katika mji wa New York. Hao wawili wamefika mbali zaidi. Wanaonyesha ya kama kiti cha mfalme, fimbo yake, upinde wake, hata mwili wa mwanamke wenye chale, vyote ni vitu vya kukumbushia, na lukasa ni ndugu mmoja kati yao. Wanasema vilevile ya kama kumbukumbu haikai ndani ya sanduku ikingoja kufunguliwa. Inafanywa upya kila mara watu wanapokutana. Hilo ni neno la kweli, nasi tumejifunza mengi kwao.

Hata hivi tunawadai kitu kimoja. Mwenye kusoma kitabu chao kwa haraka anaweza kudhani ya kama msomaji wa lukasa alikuwa huru kusema lolote kadiri ya mahitaji ya siku. Sivyo. Ushanga umekazwa. Msomaji anaweza kukaa juu ya ushanga mmoja na kupita upesi juu ya mwingine, lakini hawezi kuung'oa katikati ya maneno yake. Anaweza kuchagua njia, lakini mbele yake wameketi wazee waliofundishwa nyumba ile ile, nao wanajua njia zilizopo na zisizopo. Kuna uhuru, na kuna ukuta. Wenye kusema juu ya uhuru tu wanawafanya wazee wetu kuwa watu wa hila; wenye kusema juu ya ukuta tu wanawafanya kuwa mashine.

Tutoke kidogo Katanga, twende hata mdomo wa mto Kongo, kwa sababu huko ufundi wa namna hii umefanya kitu kinachochekesha na kufundisha pamoja. Kwa Bawoyo, pande za Kabinda na Kongo ya chini, mwanamke aliyeolewa alikuwa na vifuniko vya mti vya kufunikia chungu, vilivyochongwa sanamu juu yake: mafiga, ndege, samaki, mtu. Kila sanamu inaita methali. Mume anakula na wenzake, mke hakai nao wala hamjibu bwana wake mbele ya watu. Lakini siku akiwa na neno moyoni, chakula kinafika kimefunikwa kwa kifuniko kile. Mazungumzo yanakatika. Wageni wanaangalia chungu, wanamwangalia mwenye nyumba, na sasa sharti sanamu ielezwe, kesi isemwe, shauri litolewe, mbele ya kula. Padri Joaquim Martins alizikusanya alama na methali hizo ndani ya kitabu «Sabedoria Cabinda», kilichochapwa mwaka 1968, na kazi yake ni ya maana sana. Lakini hata yeye, akitupa sanamu upande huu na methali upande huu, sawa na kamusi, hawezi kutupa wale wageni wenye njaa wanaongoja. Na bila wao barua ya mwanamke haijafika. Kama mume angekula peke yake, angekitupa kifuniko chini ya kitanda na kumaliza neno!

Balega nao, katika chama cha Bwami, walikuwa na sanamu ndogo za mti na za pembe ya tembo, na sanamu moja iliweza kubeba methali hii leo na nyingine kesho, kadiri ya daraja ya anayefundishwa. Daniel Biebuyck ameyaeleza kwa urefu. Wakati Wabelgiji walipokivunja chama kwa sheria mwaka 1948, sanamu nyingi zikauzwa. Ziko hata leo katika nyumba za watu wenye mali, zinang'aa, na hazina la kusema.

Tunaingia hivi katika habari ya nyumba za makumbusho. Iko lukasa moja ya Brooklyn, pale New York, inayojulikana sana. Tervuren vilevile, nyumba ile iliyofunguliwa upya Desemba 2018, ina vitu vingi vya Baluba. Vinatunzwa vizuri, hatuna la kulaumu juu ya vumbi na wadudu. Lakini kitu kilichofanywa kwa ajili ya kidole kimewekwa nyuma ya kioo, na taa imeelekezwa juu yake ili rangi zipendeze. Mtazamaji anasimama mbele, anaona upande mmoja, anasoma karatasi, anapita. Gamba la kobe limegeukia ukuta. Na matunda ya namna hii ya kutazama yamekwisha kuonekana: wachongaji wanafanya lukasa za kuuza, ushanga umepangwa vizuri kwa macho, mduara hapa, mstari pale, bila habari yoyote ndani yake. Hatuwalaumu wachongaji, watoto wao sharti wale. Lakini hayo ni kazi ya mapambo.

Tangu mwaka 2022 Ubelgiji una sheria inayofungua njia ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni. Tunafurahi. Lakini tuulizane bila kuogopana: ubao ukirudi Kongo, na hakuna mkono unaoweza kuusoma, tofauti ya kabati la Tervuren na kabati la Lubumbashi ni ipi? Safari ya ndege tu.

Wako wanaodhani ya kama dawa ni kuandika upesi habari zote za Baluba ndani ya kitabu kimoja, kizuri, chenye wafalme kwa mpango wao. Hapo tunawaomba waende polepole. Njia hiyo imekwisha kujaribiwa. Serikali ya kikoloni ilihitaji orodha ya wakuu, mmoja nyuma ya mwingine, ili ijue nani wa kumpa medali. Ilikuta wakuu wawili wa ukoo mmoja, Kabongo na Kasongo Niembo, wakigombea ufalme, ikaugawa. Edmond Verhulpen, mtumishi wa serikali hiyo, alikusanya habari nyingi ndani ya kitabu chake cha mwaka 1936, na mbele yake, mwaka 1913, Padri Colle wa Mapadri Weupe alichapa vitabu vyake juu ya Baluba. Ni kazi kubwa, nasi hatungejua mengi bila hizo. Lakini neno likichapwa linarudi kijijini na nguvu mpya. Mzee anayebisha anaambiwa: imeandikwa! Na kesi ya inchi, ambayo zamani ilisemwa kwa siku tatu mbele ya wenye kujua, inakatwa kwa ukurasa mmoja uliotolewa na mtu aliyeuliza kijiji kimoja na kuacha kingine.

Na sisi watu wa Kanisa? Tuseme kweli. Wamisionari wengi waliona mbudye kuwa chama cha siri cha kipagani, wakawakataza Wakristu. Hawakuwa wamekosa macho kabisa, kwani ndani ya mbudye mlikuwa na habari ya roho za wafalme na maapo ambayo Mkristu hawezi kuyapokea bila kuchagua. Lakini pamoja na maapo yakakatazwa na mafundisho ya mito na ya koo. Burton, mmisionari wa Kiprotestanti aliyefika Mwanza ya Katanga mwaka 1915, alihubiri vikali juu ya desturi hizo. Naye ndiye aliyekusanya vitu na picha nyingi kupita wengi, na kitabu chake kikachapwa Tervuren mwaka 1961. Padri Tempels, Mfransiskani, alitoa mwaka 1945 «La philosophie bantoue», matunda ya maisha yake kati ya Baluba, na kila fratri amekisoma ao anasema ya kama amekisoma. Anasikiliza maneno na kutafuta nguvu ya uzima nyuma yao, lakini lukasa haina nafasi kubwa katika fikira zake. Falsafa ya Baluba ilikuwa na mkono na kidole pia.

Wazee wenye kuisoma walikuwako bado nyuma ya mwaka 1985, wakati Mary Nooter Roberts alipofanya uchunguzi wake katika inchi ya Baluba. Miaka arobaini karibu imepita. Mapadri na wakatekista wa Kabongo, Kamina, Bukama na Malemba-Nkulu wako karibu na walio hai, ao na wana wao, kupita mtaalamu yeyote. Hatuwaombi wanunue mbao. Kinyume chake, wawashauri wenye nazo wasiuze. Tunawaomba, wakikuta mzee anayejua, wasimuulize ushanga huu maana yake nini. Wakae pamoja na wale waliozoea kumsikiliza, waandike maneno yake kwa Kiluba kama yanavyotoka, na kijiji gani, na kwa sababu gani watu walikutana siku ile. Kisha waandike aliyebisha, na alibisha pahali gani, na kama mzee alikubali ao alikataa. Kama kijiji cha ng'ambo ya mto kina masimulizi mengine, hayo nayo yaandikwe, kando ya yale ya kwanza, bila kuyapatanisha. Gazeti letu litayachapa yote mawili, Kiluba mbele na Kiswahili nyuma.